Uzi: Kuhamia biti 64, je, njia ya AMD ilishinda kwa ubora wake au kwa sababu Itanium ilichelewa?

#1 FundiWaUjiji

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita, nami naliweka hapa ili wenye ujuzi wanisaidie kulifikiri.

Mwenye duka moja la dawa hapa Ujiji aliniletea kompyuta mpya aliyonunuliwa na mwanawe, akaomba nimhamishie programu yake ya hesabu za dawa. Programu hiyo iliandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo endeshi wa zamani uliotangulia Windows, na ameitumia kuanzia enzi za Windows 98 mpaka XP bila kubadilishwa hata herufi moja. Nilinakili folda nzima, nikabofya faili la kuanzishia, na mfumo endeshi mpya wa biti 64 (yaani wa kompyuta inayoshika namba zenye tarakimu 64 za 0 na 1 kwa mara moja) ukakataa kuliendesha. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika daftari aliloandikia kwa mkono salio la kila dawa usiku uliotangulia kwa sababu hakuamini kwamba umeme ungekuwepo asubuhi, akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Mashine kubwa inashindwaje kazi ya mashine ndogo?"

Tumezoea kusimuliwa kwamba Intel na HP, walioanza ushirikiano wao mwaka 1994, walitaka kuuacha ukoo wa x86, yaani lugha ya amri ya prosesa za kompyuta za kawaida, na kujenga prosesa mpya kabisa ya biti 64, iliyokuja kuitwa Itanium. Kwamba AMD, mshindani wa Intel, ilichagua kuirefusha x86 ileile ili programu za zamani zisipotee. Na kwamba watu waliifuata AMD kwa sababu hiyo, hata Intel yenyewe ikalazimika kuifuata mwaka 2004. Kama ulinzi wa programu za zamani ndio ulioleta ushindi, mbona programu ya mzee imekufa? Dai langu ni kwamba AMD haikushinda kwa usanifu bora wala kwa kulinda ya kale, bali Itanium ilichelewa na ilikuwa ghali, na nafasi tupu haikosi mtu wa kuikalia. Naomba hoja.

#2 Mwalimu_Kasulu

Mwakeye wakuu.

Fundi, swali la mzee ni la msingi, ila umefunga pamoja mambo mawili ambayo yafaa yatenganishwe. Ukoo wa x86 umehama mara mbili. Prosesa ya 8086 ya mwaka 1978 ilikuwa ya biti 16. Ile ya 80386 ya mwaka 1985 ikaleta biti 32, lakini ikaacha mlango maalumu wa kuigiza 8086, na programu za DOS zilikuwa zikiishi ndani ya mlango huo chini ya Windows. AMD ilipobuni hali ya biti 64, iliruhusu programu za biti 32 ziendeshwe na prosesa moja kwa moja, bila kutafsiriwa, huku mfumo endeshi ukiwa wa biti 64. Mlango wa kuigiza 8086 ndio usiopatikana prosesa inapokuwa katika hali hiyo. Kwa maneno mengine, programu ya mzee iko vizazi viwili nyuma, na ahadi ya AMD ilikuwa ya kizazi kimoja.

Hata hivyo prosesa si mhusika pekee. Programu za Windows za biti 16, ambazo ni tofauti na za DOS, prosesa bado ina uwezo wa kuziendesha, na Wine, programu inayoendesha programu za Windows ndani ya Linux, huziendesha katika Linux ya biti 64. Microsoft ndiyo iliyoamua kuziacha katika Windows ya biti 64, na sababu iliyotoa ni ya kiufundi: namba za utambulisho ambazo mfumo huo huzipa programu hutumia biti 32 zote, kwa hiyo haziwezi kukatwa zikaingia katika biti 16 bila kupoteza kitu.

Mpe mzee DOSBox, ambayo huigiza kompyuta nzima ya zamani. Kompyuta ya leo ina kasi ya kutosha kubeba mzigo huo.

#3 ReliTabora

Mwangaluka wote. Mimi ni mtu wa reli, na jambo hili naliona kama tunavyoliona hapa Tabora kila siku.

Reli ya Kati iliyofika Kigoma mwaka 1914 ina upana wa milimita 1,000. Reli ya kisasa inayojengwa ina milimita 1,435. Anayetaka kuhamia upana mpya ana njia tatu. Ya kwanza ni kujenga njia mpya pembeni, yenye mabehewa mapya na injini mpya, na kuiacha ya zamani izeeke yenyewe. Hiyo ndiyo Itanium, na kabla yake prosesa ya Alpha ya kampuni ya DEC. Ya pili ni kuweka chuma cha tatu juu ya mataruma yaleyale, ili behewa la zamani na jipya yapite njia moja. Hiyo ndiyo AMD. Ya tatu ni kile kinachofanyika Kidatu, ambako reli ya TAZARA yenye milimita 1,067 inakutana na yetu: shehena inashushwa kwenye behewa moja na kupakiwa kwenye jingine. Hivyo ndivyo Itanium ilivyozipokea programu za x86, kwa kuzishusha na kuzipakia upya, amri kwa amri. Kila mtu aliyewahi kusimama Kidatu anajua kwamba mzigo unafika, lakini hauwahi.

Nawaomba mtazame jambo moja zaidi. Pale Kidatu chuma cha tatu hakiwezekani hata ukitaka, kwa sababu tofauti ni milimita 67 tu na kitako cha reli ni kipana kuliko hapo. Chuma cha tatu kinahitaji nafasi. AMD iliweza kwa sababu x86 ilikuwa na nafasi ya kuingizia kitu. Kwa hiyo, Fundi, kusema kwamba usanifu haukuhusika si sahihi.

#4 MwanaLiemba

Ndugu yetu wa Tabora, reli kwenu ni kama dawa, kila ugonjwa mnautibu kwayo. Sisi wa ziwani tuna mfano unaofaa zaidi. Meli ya Liemba iliundwa Papenburg mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina tunalolijua. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziling'olewa zikawekwa za dizeli. Gamba ni lilelile na njia ya majini ni ileile, ila nguvu ni mpya. Hivyo ndivyo AMD ilivyofanya.

Mfano huu una upande wake mchungu pia, nao nausema kwa dhati. Anayebaki na gamba la zamani anabaki na milango myembamba ya zamani. Amri za x86 hazina urefu mmoja, zinaanzia baiti 1 hadi 15, na prosesa ya leo inatumia sehemu ya nguvu zake kutafuta tu amri moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Itanium ilikuwa imeondokana na tatizo hilo.

#5 Mzee_wa_Seva

Salaam kutoka Nzega. Nimefanya kazi na seva Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na naomba kusahihisha tarehe kwanza, maana dai la #1 limejengwa juu yake.

Itanium ya kwanza ilitoka Juni 2001 na Itanium 2 ikafuata Julai 2002. AMD ilitangaza mpango wake Oktoba 1999 na kuchapisha maelezo kamili Agosti 2000, lakini prosesa yenyewe, Opteron, ilitoka Aprili 2003, na Athlon 64 ya kompyuta za kawaida Septemba mwaka huohuo. Ni kweli kwamba Itanium ilichelewa kwa kalenda yake yenyewe. Ila kwa kalenda ya ushindani ilitangulia kwa karibu miaka miwili. Aliyetangulia sokoni hawezi kusemwa kwamba alishindwa kwa kuchelewa tu.

Kilichoiumiza ni dhana yenyewe. Itanium ilipakia amri tatu katika kifurushi cha biti 128: kila amri ina biti 41, na biti 5 zinazobaki zinaeleza aina za amri hizo na mahali ambapo kundi la amri zinazoweza kwenda pamoja linakomea. Kazi ya kugundua ni amri zipi ziende pamoja waliipa kompaila, programu inayogeuza msimbo wa mwandishi kuwa amri za prosesa, yaani ilifanywa mara moja wakati programu inaandaliwa, badala ya kufanywa na prosesa wakati programu inakimbia. Lakini kompaila haiwezi kujua kama namba inayotakiwa itakutwa katika kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu, au itabidi ifuatwe kwenye kumbukumbu kuu, safari inayoweza kula mizunguko mamia ya prosesa. Prosesa za kawaida za wakati huo zilikuwa tayari zinajipangia upya amri zenyewe, zikikwama hapa zinafanya kile pale. Na pale ambapo kompaila haikupata amri ya kujaza nafasi, ilijaza amri tupu, hivyo programu ikanenepa bila faida.

Nisiidhulumu. Katika ofisi niliyokuwa nayo tulikuwa na seva ya Itanium 2, na kwa hesabu ndefu za desimali, ambako mpangilio wa kazi unajulikana mapema, ilikuwa mashine ya kuheshimika. Ilikuwa na rejista (vijisanduku vya kushikia namba ndani ya prosesa) 128 za kawaida na nyingine 128 za desimali. Tatizo letu halikuwa kasi. Lilikuwa kwamba kila tulipotafuta programu mpya tuliambiwa haijatengenezwa kwa mashine yetu.

#6 FundiWaUjiji

Mzee, nashukuru, tarehe nimezikubali. Lakini umeongeza mzigo kwangu. Kama dhana ya kuanza upya ndiyo iliyoua, mbona Alpha inasifiwa na kila aliyeigusa, ilhali nayo ilianza upya?

#7 Mzee_wa_Seva

Alpha 21064 ilitoka mwaka 1992 ikiwa ya biti 64 tangu siku ya kwanza, bila hali yoyote ya biti 32 ya kurudi nyuma. Ilikuwa safi na yenye kasi. DEC ilitoa pia programu iliyoitwa FX!32, iliyotafsiri programu za x86 ziendeshwe kwenye Windows NT ya Alpha, na tafsiri iliyokwisha kufanywa ilihifadhiwa ili isirudiwe kesho. Kwa hiyo Alpha haikufa kwa kosa la usanifu. DEC ilinunuliwa na Compaq mwaka 1998, na Juni 2001 Compaq ikatangaza kwamba itaiacha Alpha na kuhamia Itanium. Mwaka uliofuata HP ikainunua Compaq.

Hapa ndipo penye uchungu wa historia hii. HP iliiacha prosesa yake ya PA-RISC, Compaq ikaiacha Alpha, na kampuni ya SGI ikahamisha mashine zake kubwa kutoka prosesa za MIPS, na wote walielekea Itanium. Na MIPS ndiyo iliyoleta R4000 mwaka 1991, miongoni mwa prosesa za mwanzo kabisa za biti 64 kuuzwa. Zilikuwa prosesa zilizokwisha kuvuka, na wenyewe wakaziteremsha kwenye mtumbwi waliokwisha kufikia nao ng'ambo.

#8 MkaziKibondo

Naona mnabishana kama wahandisi, na hamjagusa mkataba. Tangu zamani Intel na AMD zina makubaliano ya kutumiana hataza kuhusu x86. Itanium ilikuwa mali ya Intel na HP, na AMD haikuwa na haki ya kuitengeneza. Dunia ingehamia huko, AMD ingebaki nje ya mlango. Kuirefusha x86 halikuwa suala la busara ya usanifu, ilikuwa njia pekee iliyobaki wazi kwake. Kwa makubaliano hayohayo, Intel nayo iliweza kuzichukua amri za AMD mwaka 2004 bila kuvunja sheria. Ukiitazama hivyo, mambo mengi tunayoyaita uamuzi wa kiufundi yaliamuliwa na wanasheria.

#9 Mwalimu_Kasulu

Ndugu wa Kibondo, hoja ya mkataba ina uzito, lakini haielezi kwa nini kazi yenyewe ilifanywa vizuri. Mtu aliyebakiwa na njia moja anaweza pia kuipita vibaya. Katika kundi la AMD walikuwemo watu waliotoka kwenye Alpha: Dirk Meyer alikuwa miongoni mwa wasanifu wa Alpha, na Jim Keller, aliyefanya kazi kwenye Alpha, alishiriki kuandika maelezo ya amri za x86 za biti 64. Kwa hiyo sehemu ya elimu ya Alpha ilivuka kwa mlango mwingine.

Nitatoa mfano mmoja wa uangalifu wao. Motorola 68000 ya mwaka 1979 ilikuwa na rejista za biti 32, lakini ilitoa nje biti 24 tu za anwani, yaani namba ya mahali katika kumbukumbu. Waandishi wa programu, wakiwemo wa mfumo wa Macintosh, wakaona biti 8 za juu hazina kazi, wakazitumia kuhifadhia alama zao. Prosesa ya 68020 ilipokuja na anwani kamili za biti 32, alama hizo zikawa sehemu ya anwani, na programu zikaanza kwenda mahali pasipokuwepo. AMD nayo ilianza na biti 48 za anwani, ambazo zinatosha terabaiti 256, na ikaziacha 16 za juu kwa ajili ya baadaye. Lakini iliweka sharti: biti zote hizo 16 lazima zifanane na biti ya juu kabisa kati ya zile 48, la sivyo prosesa inakataa palepale. Mwenye tabia ya kuficha vitu darini alikuta dari imepigwa misumari.

Pia waliongeza rejista za kawaida kutoka 8 hadi 16. Kwa hiyo programu iliyoandaliwa upya kwa biti 64 ilipata nafuu ya kasi hata kama haikuhitaji kumbukumbu kubwa. Hiyo ni sababu ya kuhama ambayo haina uhusiano wowote na programu za kale.

#10 BintiUrambo

Shikamooni wazee, na wengine habari zenu. Nimesoma yote, na naona mnazungumza kana kwamba prosesa ikishahama watu wamehama. Mimi nilihama, na faili langu likabaki nyuma.

Niliandika kwa lugha ya C programu ndogo ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Kila mkulima alikuwa na kumbukumbu moja yenye namba tatu, namba ya uanachama, kilo na bei kwa senti, na zote nilizitangaza kwa aina ya namba iitwayo long. Katika Linux ya biti 32 aina hiyo ina baiti 4, hivyo kila mkulima alichukua baiti 12. Tulipopata kompyuta mpya nikaweka Linux ya biti 64, nikaandaa programu upya, haikulalamika hata kidogo, nikafungua faili la msimu uliopita. Mkulima wa kwanza, ambaye ni mwanachama namba 17 mwenye kilo 412, akatokea kwenye skrini kama mwanachama namba 1,769,526,525,969.

Nilikaa na namba hiyo usiku mzima. Alfajiri nikaigawa kwa 4,294,967,296, nikapata 412 na baki 17, ndipo nikaelewa. Katika mfumo mpya long ina baiti 8, kwa hiyo programu ilikuwa inasoma namba ya uanachama na kilo kwa pamoja kana kwamba ni namba moja, na kila mkulima alikuwa anammeza jirani yake. Nilibadilisha zote ziwe int32_t, aina ambayo upana wake hautegemei mashine, na wakulima wakarudi kila mmoja mahali pake.

Baadaye nilijifunza kwamba hata hapa palikuwa na mikakati miwili. Mifumo ya ukoo wa Unix ilichagua LP64, ambamo long inakua na kuwa biti 64 pamoja na pointa, yaani namba inayoonyesha mahali kitu kilipo katika kumbukumbu. Windows ilichagua LLP64, ambamo long inabaki biti 32 na pointa peke yake ndiyo inayokua, ili mafaili na programu za zamani zisiyumbe. Ningekuwa Windows, kosa langu lisingeonekana. Mpaka leo sijaamua kama hilo ni jambo jema au baya, maana kosa lilikuwepo tangu mwanzo.

#11 ReliTabora

Dada wa Urambo, nimejifunza. Mkakati wa prosesa ni mmoja, na juu yake kuna mkakati wa kompaila, na juu yake tena kuna mkakati wa mfumo endeshi.

#12 SimuSokoni

Nauza na kutengeneza simu hapa Tabora mjini, na nashangaa hakuna aliyeitaja ARM, ambayo ndiyo iliyomo mifukoni mwa wengi wetu.

ARM ilitangaza usanifu wake wa biti 64 Oktoba 2011, na haikufuata ya Itanium wala ya AMD. Iliandika lugha mpya kabisa ya amri, yenye rejista 31 za kawaida, na haikujaribu kuifananisha na ya zamani. Lakini ndani ya prosesa hiyohiyo ikaruhusu lugha ya zamani ya biti 32 iendelee kuishi pembeni, na programu za zamani zikakimbia kwa kasi kamili. Kisha, watu walipokwisha kuvuka, ya zamani ikaanza kuondolewa taratibu, na leo kuna prosesa za ARM zisizoijua tena lugha ya biti 32. Apple ilitoa iPhone 5s Septemba 2013 ikiwa na biti 64, na mwaka 2017, kwa iOS 11, ikazifungia nje programu zote za biti 32. Google nayo iliwataka watengenezaji wa programu za Android walete toleo la biti 64 kuanzia Agosti 2019.

Kwenye meza yangu hata hivyo naona jambo jingine. Wateja huniletea simu za bei ya chini ambazo prosesa yake ni ya biti 64, lakini Android iliyowekwa ndani ni ya biti 32, kwa sababu simu ina gigabaiti 1 au 2 tu za RAM. Mteja akitaka programu iliyotolewa kwa biti 64 pekee, haikubali, na mimi ndiye ninayebaki kumweleza kwamba simu yake inaweza na haiwezi kwa wakati mmoja.

#13 MwanaLiemba

Mkuu wa simu, umevunja hoja ya reli na ya meli kwa pamoja. ARM walijenga njia mpya pembeni ya ile ya zamani, juu ya tuta moja, kisha wakang'oa ya zamani. Basi kuanza upya si kosa. Kosa ni kuanza upya bila kuwabeba abiria wa jana kwa mwendo uleule waliouzoea.

#14 MkaziKibondo

Si haki kulinganisha hivyo. Programu za simu zinasasishwa kila wiki kupitia duka moja, na mwenye duka akisema mwisho ni Agosti, basi ni Agosti. Mzee wa Ujiji hana duka la kumsasishia. Mwenye uwezo wa kuamuru anaweza kuchagua mkakati mkali, na Intel hakuwa na uwezo wa kuwaamuru waandishi wa programu wa dunia nzima.

#15 Mzee_wa_Seva

Kuna waliofanya hivyo bila kuamuru mtu. Programu za AS/400, kompyuta ya biashara ya IBM, hazikuandikwa kwa prosesa halisi, bali kwa mashine ya kufikirika iliyowekwa juu yake. Mwaka 1995 IBM ilipong'oa prosesa za biti 48 na kuweka za biti 64 za ukoo wa PowerPC, mfumo wenyewe ulizitafsiri upya programu kutoka umbo hilo la kati, bila kuhitaji msimbo wa mwandishi, ilimradi umbo hilo halikuwa limefutwa kwenye programu. Sijaona uhamaji mwingine uliowasumbua wenye programu kwa kiasi kidogo namna hiyo. Lakini ulihitaji kuamuliwa miaka mingi kabla ya siku ya kuhama, na x86 haikuwa na mtu aliyeamua hivyo mwaka 1978.

Na ili kumjibu wa Kibondo kuhusu wanasheria: Machi 2011 Oracle, kampuni ya programu za hifadhidata, ilitangaza kuacha kutengeneza programu kwa ajili ya Itanium, HP ikaenda mahakamani California, na Agosti 2012 mahakama ikaamua kwamba Oracle inawajibika kuendelea. HP ilishinda kesi, lakini wateja walikuwa wameshaanza kuondoka. Shehena ya mwisho ya Itanium iliondoka Julai 2021, na keneli (kiini cha mfumo endeshi) ya Linux 6.7 ya Januari 2024 ndiyo ya kwanza kutoka bila kuiunga mkono.

#16 Mwalimu_Kasulu

Nirudi kwa aliyosema SimuSokoni kuhusu RAM, maana linanigusa darasani. Nina chumba chenye kompyuta za gigabaiti 2, zote zenye prosesa za biti 64, na nimeweka Linux ya biti 32 katika nyingi kati yake. Pointa inapokua kutoka baiti 4 hadi 8, kila programu yenye pointa nyingi, hasa kivinjari cha intaneti, inanenepa. Kwa mwenye gigabaiti 2 hiyo ni hasara anayoiona kwa macho, maana faida ya kuvuka mpaka wa gigabaiti 4 hana. Kulikuwa na jaribio zuri la kupata vyote, lililoingizwa katika keneli ya Linux 3.4 mwaka 2012 kwa jina la x32: rejista 16 za hali mpya, pamoja na pointa fupi za baiti 4. Halikuenea, kwa sababu lilihitaji kila maktaba ya programu iandaliwe kwa mara ya tatu.

#17 BintiUrambo

Mwalimu, naomba nikupinge hapo. Linux zinazotoa toleo la biti 32 kwa kompyuta za kawaida zinapungua, na unawafungia wanafunzi kwenye njia inayong'olewa. Tena mifumo mingi ya biti 32 imehesabu muda kwa sekunde katika namba ya biti 32 inayoweza kuwa chanya au hasi, na namba hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Mwanafunzi wako wa kidato cha kwanza atakuwa ndiyo kwanza amejijenga kazini.

#18 Mwalimu_Kasulu

Dada, kompyuta hizi hazitafika 2038, ila mwanafunzi atafika, na hoja yako nimeipokea. Lakini hesabu ya muda inaweza kufanywa kwa biti 64 hata juu ya prosesa ya biti 32, na keneli ya Linux ilikwisha kulishughulikia hilo. Upana wa prosesa na upana wa saa ni mambo mawili. Kuhusu RAM bado nasimama nilipo.

#19 ReliTabora

Mzee wa Seva, nina swali ambalo sijaona likijibiwa. Kama AMD isingetokea, Intel isingeweza kuirefusha x86 yenyewe baadaye, Itanium ilipokwisha kushindwa?

#20 Mzee_wa_Seva

Uwezo ilikuwa nao, kwa sababu ilipotangaza Februari 2004 kwamba italeta x86 ya biti 64, prosesa yake ya seva, Xeon, yenye uwezo huo ilikuwa sokoni ifikapo Juni. Prosesa haitungwi kwa miezi minne, kwa hiyo kazi ilikuwa imeanza zamani. Kama ingeitoa bila kusukumwa, hilo kila mtu atalijibu kwa imani yake. Mimi naamini isingeitoa mpaka Itanium ipewe miaka mingine mitano, na huenda kompaila zingekuwa zimeiva.

#21 MkaziKibondo

Kompaila hazingeiva, Mzee. Umesema mwenyewe katika #5 kwamba haziwezi kujua kilichomo katika kashe. Miaka mitano haiongezi ujuzi huo.

#22 FundiWaUjiji

Wakuu, nawashukuru. Dai langu la kuchelewa nimeliondoa, la ughali ninabaki nalo, na la mkataba nalitafakari.

Nimemwekea mzee DOSBox jana jioni. Skrini ya bluu ilipotokea na orodha ya dawa zake, alivuta kiti, akafungua daftari, tukalinganisha salio moja baada ya jingine mpaka adhana ya magharibi. Yote yamekubaliana isipokuwa chupa sita za dawa ya kikohozi, na hizo alikumbuka aliziuza baada ya kuandika. Kilichobaki ni kuchapisha. Programu yake inatuma maandishi moja kwa moja kwenye mlango wa zamani wa printa, LPT1, na kompyuta hii ina USB tu. Aliyewahi kuyaelekeza maandishi hayo kutoka DOSBox hadi printa ya USB aniambie alivyofanya, maana mzee anarudi Jumamosi.